Dawa Iliyopita Mwisho wa Mzizi

Daktari aliyenitibu gego alikuwa na televisheni kubwa ukutani, na ndani ya televisheni hiyo alikuwamo yeye mwenyewe, anatabasamu. Ukiegemea kiti chake na kufumbua mdomo, unamwona mara mbili: mmoja ameshika mashine, mwingine anakwambia umefanya uamuzi wa busara. Nilipaswa kuinuka palepale nikaenda zangu. Mimi ni mwalimu, nimekaa na vijana zaidi ya miaka ishirini, na namjua mtu anayejisifu kabla ya mtihani. Lakini gego lilikuwa limenitesa wiki nzima, na mwenye jino bovu hana akili.

Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Voi. Somo nilipendalo kuliko yote ni kinga ya mwili. Kila mwaka nachora ubaoni seli nyeupe ya damu inammeza mdudu, na kila mwaka wanafunzi wanacheka kwa sababu mchoro wangu unafanana na ugali uliokanyagwa. Nalitaja hili ili msomaji ajue kwamba sikudanganywa kwa kukosa elimu. Nilidanganywa nikiwa nayo kichwani, nzima.

Gego lenyewe lilikuwa la chini, upande wa kulia, karibu na mwisho wa taya. Daktari alilipiga picha, akatazama kidogo, akasema, "Mwalimu, hili haling'olewi. Tunatoa neva, tunasafisha mzizi, tunajaza dawa, tunafunga. Leo leo."

"Nilisikia huwa mtu anarudi mara mbili au tatu," nikasema.

"Kwa wengine. Mimi nina dawa yangu. Hata kama mzizi haujasafishika sana, hii inamaliza kila kitu kilichobaki."

"Dawa gani hiyo?"

"Hayo niachie mimi. Wewe si unafundisha? Mimi sikuulizi chaki yako ni ya wapi."

Akacheka. Msaidizi wake akacheka. Yule wa kwenye televisheni naye alikuwa bado anacheka. Nikafumbua mdomo.

Baada ya kazi alinionyesha picha ya pili, kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha mtoto wake kwenye simu. Mizizi miwili ya gego ilikuwa imejaa weupe hadi chini. Ila chini ya ncha ya mzizi wa nyuma, ndani ya mfupa wa taya, palikuwa na weupe mwingine uliosambaa, kama uji uliofurika kando ya sufuria.

"Hii hapa ni nini?" nikauliza, ulimi mzito kwa ganzi.

"Hiyo ndiyo ishara ya kazi safi. Dawa imefika mpaka mwisho."

"Imefika au imepita?"

"Walimu bwana!" akasema, akazima skrini.

Kesho yake ganzi haikuwa imetoka. Nusu ya mdomo wa chini upande wa kulia, na kidevu, vilikuwa kama vya mtu mwingine, nilivyoazimwa. Nilikunywa chai na chai ikashuka shingoni bila mimi kujua. Darasani msichana mmoja wa mbele aligusa kidevu chake mwenyewe taratibu, mara mbili, kunionyesha kwamba mate yananitoka. Nilimshukuru kwa macho, nikageukia ubao, na sikugeuka tena mpaka kengele. Siku ya tatu taya lilivimba na kuanza kuchoma ndani kwa ndani, kama mtu ameweka kaa la moto chini ya jino kisha akafunga mlango.

Nilirudi. Daktari alinibonyeza shavu kwa kidole kimoja.

"Mwalimu, wewe una kinga kali mno," akasema. "Mwili wako unapigana na dawa nzuri. Wagonjwa wangu wote wako sawa. Ni wewe tu."

Sasa nitasema jambo la aibu. Maneno yale yalinifurahisha. Kinga kali! Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, magoti yanalia akipanda ngazi, anaambiwa mwili wake una askari wengi kupita kiasi. Nikapokea vidonge vya kuua bakteria na vya mzio, nikaenda nyumbani nimevimba shavu na kichwa pia. Kama mwanafunzi wangu angeniandikia jibu la namna ile kwenye mtihani, ningemuuliza: kinga inapigana na nini? Kwa nini hapo na si kwingine? Na mdomo unakufaje ganzi kwa sababu ya mzio? Mimi sikujiuliza hata moja.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na sherehe ya shukrani nyumbani kwa dada yangu, huko juu milimani, kupita Wundanyi. Binti yake alikuwa amemaliza chuo. Dada yangu ananizidi miaka minne, na kwa miaka mingi ana baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mtu inageuka na kushambulia viungo vyake mwenyewe. Anatibiwa hospitali, anameza vidonge kila Jumamosi, na kwa vidonge hivyo alikuwa analima viazi na kabeji zake vizuri tu. Mume wake, shemeji yangu, ni mtu wa namna nyingine.

Shemeji yangu aliwahi kuuza bima, kisha vifaranga, kisha mafuta ya nywele. Wakati huo alikuwa anauza unga wa kijani wa kusafisha damu. Kila kinachouzwa na mtu huyu huwa kina adui, maana dawa bila adui haiuziki, na mwaka ule adui alikuwa meno. Alikuwa ametazama video kwenye simu zinazosema kwamba jino lililotibiwa mzizi ni maiti ndani ya kinywa, na kwamba dawa zinazojazwa humo zinavujia damuni na kuvuruga kinga ya mwili mzima. Kisukari, presha, ugumba, hasira za wake, vyote ni meno. Nilikuwa nikimsikia na kumdharau, na bado namdharau.

Aliliona shavu langu. "Shemeji, hilo jino limetibiwa mzizi?"

"Limetibiwa."

"Si nilisema!" akawaambia watu wa meza nzima. "Mwalimu, hebu tuelezee kisayansi. Mwili unafanya nini ukiwekewa kitu kigeni?"

Wajomba, mashangazi, wazee wawili wa kanisa, binti mwenye sherehe, wote walinigeukia. Nami, badala ya kula pilau yangu kwa upande mmoja nikanyamaza, nilifundisha. Nilieleza kwamba mwili ukikuta kitu usichokijua unatuma seli za kukimeza. Kwamba kama kitu hakimezeki, seli hukaa hapohapo zikikizunguka na kumwaga kemikali zake, na uvimbe hauishi. Nilieleza vizuri. Kila neno lilikuwa sahihi. Shemeji alikuwa anaandika kwenye daftari dogo.

Dada yangu, aliyekuwa anapitisha bakuli la kachumbari, akasimama. Alikuwa na magego matatu yaliyotibiwa mzizi miaka mingi iliyopita, hospitalini, na hayajawahi kumsumbua hata siku moja.

"Kwa hiyo hata haya yangu?" akaniuliza. "Yanaweza kuwa ndiyo yanayoleta ugonjwa wa mikono?"

Jibu la kweli lilikuwa "sijui." Neno fupi. Lakini watu kumi na wanne walikuwa wananitazama, na ilikuwa siku ya kwanza baada ya wiki mbili ambayo mtu alikuwa ananitazama bila kutazama kidevu changu.

"Inawezekana," nikasema.

Mwezi mmoja baadaye dada yangu alishuka Voi peke yake na kubisha mlango wangu Jumamosi adhuhuri, kitambaa kimezungushwa mdomoni. Nilidhani ni vumbi. Alipokifungua nikaona shavu limeingia ndani. Magego matatu hayakuwepo. Shemeji alikuwa amempeleka Maungu kwa jamaa mmoja anayeng'oa meno katika chumba nyuma ya duka la vipuri, anayehudumia madereva wa malori wenye haraka. Yote matatu yaling'olewa siku moja. Na kwa kuwa adui alikuwa ameondolewa, vidonge vya Jumamosi vilisimamishwa na mahali pake pakaingia unga wa kijani, vijiko viwili asubuhi.

Nilitazama mikono yake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimefura kama tangawizi. Hakuweza kushika kikombe. Alikikumbatia kwa viganja.

"Kwa nini hukunipigia simu?" nikamwuliza.

"Nikupigie nikuulize nini?" akasema. "Shemeji yako alinisomea kwenye daftari. Ni maneno yako. Uliyasema mbele ya watu."

Nimedharau watu wengi katika maisha yangu, na wengi wao walistahili. Siku ile nilikaa kwenye kiti changu cha sebuleni nikajiweka kwenye foleni pamoja nao, mbele kabisa.

Jumatatu nilimpeleka hospitali ya serikali. Daktari wa viungo alimsikiliza, akampima damu, akamrudishia vidonge vyake, na hakumkaripia hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. Kisha akanitazama mimi. "Na wewe mbona mdomo unakwenda upande?" Akatutuma sote chumba cha meno.

Daktari wa meno pale alikuwa mwanamke kijana, amechoka, viatu vya raba, foleni ya watu ishirini nje. Hakuwa na televisheni. Alinipiga picha ya eksrei, akaiweka kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ule ambao mwenzake alitumia kunitibu.

"Alikujaza dawa gani?"

"Hakuniambia."

"Nenda kaniletee jina lake. Leo. Usirudi na maneno, rudi na maandishi."

Nikaenda. Daktari wa televisheni alinipokea kwa tabasamu lilelile, kisha nilipouliza jina la dawa, tabasamu likaanza kupungua.

"Hiyo ni siri ya kazi, Mwalimu."

"Umeiweka ndani ya mfupa wangu. Siri gani tena hiyo?"

"Utaelewa hata nikikuonyesha?"

"Nionyeshe, tuone nani hataelewa."

Nje ya pazia kulikuwa na wagonjwa wanne wameinua vichwa. Nadhani ni wao waliomlazimisha, si mimi. Alifungua droo akatoa kichupa cha unga na kichupa cha mafuta, vitu viwili alivyovikoroga pamoja kuwa uji. Nikageuza kichupa cha unga, nikasukuma miwani, nikasoma herufi ndogo. Katikati ya orodha palikuwa na neno refu la kemia ambalo mtu wa kawaida angelipita. Mimi nililijua. Ni fomalini iliyokaushwa ikawa unga. Ikikutana na unyevunyevu inarudi kuwa fomalini. Katika maabara ya shule tunahifadhia vyura ndani yake. Mochari wanaitumia kwa kazi wanayoijua wao.

"Hii inaua nyama hai," nikamwambia.

"Inaua bakteria," akasema.

"Na nyama?"

"Kidogo."

Kidogo! Nilipiga picha ya kichupa kwa simu, nikaondoka bila kumuaga, kitu ambacho sijawahi kumfanyia hata muuza karanga.

Yule daktari wa serikali alipoona picha alivuta pumzi. Akanieleza kwa maneno machache, nami nilikaa kama mwanafunzi, mikono juu ya mapaja. Alisema mzizi wa jino uliosafishwa vizuri hujazwa vijiti laini vinavyotengenezwa kwa utomvu wa mti, pamoja na gundi kidogo. Vijiti vile mwili hauvijali sana. Gundi ikiwa bado mbichi inachokoza siku mbili tatu, seli zinakuja, zinakagua, na ikishakauka nyingi zinaondoka. Hata ikipita kidogo mwisho wa mzizi, mara nyingi mwili unaizungushia ukuta mwembamba na maisha yanaendelea.

"Lakini fomalini si ya kuzungushiwa ukuta," akasema. "Kila inapogusa panakufa. Na hapa imemwagika karibu na neva inayopita ndani ya taya kwenda kwenye mdomo. Ndiyo maana una ganzi."

"Aliniambia nina kinga kali."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza, bila furaha. "Kinga yako ni ya kawaida kabisa, Mwalimu. Seli zako hazikuja kupigana na dawa nzuri. Zilikuja kubeba maiti. Na kila zikimaliza kubeba, dawa inaua tena."

Dada yangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akauliza kupitia kitambaa chake, "Na yangu matatu? Yalikuwa yanaleta mikono?"

Daktari aliangalia picha za zamani zilizokuwa kwenye faili lake. Mizizi imejaa vizuri, mifupa yake mizima, hakuna kivuli chochote cha uvimbe. "Hapana, mama," akasema. "Haya yalikuwa yametulia. Mwili wako ulikuwa umeshayasahau. Ugonjwa wa mikono ni wako tangu zamani, haukutoka hapa."

Dada yangu akarudisha kitambaa mdomoni. Hakunitazama. Ingekuwa afadhali angenitazama.

Kazi yangu ilifanywa Mombasa na daktari wa upasuaji wa taya. Tulipanda treni mimi na dada, yeye akibeba mkoba wangu kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa bado havijafunguka. Daktari yule alilitoa gego, akaingia kwenye mfupa, akakwangua ule uji na kila kilichokuwa kimeoza kuuzunguka. Aliniambia waziwazi kwamba kama ningefika ndani ya siku mbili, neva ingekuwa na nafasi nzuri. Nilikuwa nimefika baada ya wiki saba, nikiwa nimepitia kwenye meza ya pilau.

Maumivu yaliisha. Hisia za mdomo zilirudi nusu. Kwanza zilikuja kama siafu wanatembea chini ya ngozi, kisha nikaanza kutambua moto na baridi. Kipande cha kidevu, ukubwa wa kidole gumba, hakijarudi na nimeambiwa nisikisubiri.

Tulikuwa tumerudi Voi siku kama kumi hivi shemeji alipokuja kumchukua mke wake. Alikuja na mfuko wa unga wa kijani, kama mtu anayemletea mgonjwa machungwa.

"Mwalimu," akaniambia kabla hajaketi, "nasikia umegeuka. Wewe mwenyewe ulitufundisha, sasa unatukana mafundisho yako."

"Nilisema kitu nisichokijua," nikasema. "Wewe ukakifanyia biashara. Mimi ni mjinga mara moja, wewe ni mjinga kwa mkataba."

Alifungua mdomo kujibu, lakini dada yangu alitoka jikoni. Hajawahi kumpandishia mume wake sauti katika miaka thelathini, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Meno yangu yako wapi?" akamwuliza.

"Meno gani?"

"Matatu. Uliyonipeleka kung'olewa."

"Yalitupwa, mama. Huko huko."

"Basi nenda Maungu ukayatafute," akasema dada yangu. "Ukiyapata, njoo tuzungumze habari ya kurudi nyumbani."

Shemeji alinitazama, akitafuta msaada kwa mtu aliyekuwa ametoka kumtukana. Hiyo ndiyo akili yake yote. Akaondoka na mfuko wake wa unga. Dada yangu alikaa kwangu miezi miwili, mpaka vidole vikaweza kufunga kitufe, kisha akapanda milimani kwa hiari yake, na vidonge vya Jumamosi anavimeza sebuleni mbele ya mume wake, taratibu, na glasi kubwa ya maji.

Kabla hajaondoka nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Alinikatiza katikati.

"Wewe hukuniambia ning'oe," akasema. "Lakini ulipenda kusikilizwa. Tangu utotoni. Baba akiuliza swali kwa mtu mwingine, unajibu wewe."



Malalamiko dhidi ya daktari wa televisheni niliyaandika na kuyapeleka panapohusika, na picha ya kichupa nikaiambatisha. Nilijibiwa kwamba yamepokelewa, na baadaye kwamba yanashughulikiwa. Daktari mwenyewe bado yupo, na nimesikia anawaambia wagonjwa kwamba ameacha dawa ile kwa sababu imekuwa ghali. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa kelele, "Mwalimu wangu!" kama kwamba tulisoma pamoja. Simjibu. Shemeji ameacha unga wa kijani na siku hizi anauza kifaa cha kuchuja maji. Adui wa sasa ni chumvi.

Dada yangu alitengenezewa meno matatu ya bandia na yule daktari mwenye viatu vya raba. Anayavaa kanisani na kwenye mazishi. Nyumbani huyatia kwenye kikombe dirishani, kwa sababu yanamkwaruza ufizi akila mahindi ya kuchoma, na mahindi hayaachi.